Siku Arobaini Kavu za Shangweni

Sitasimulia nilifikaje Shangweni. Njia ilikuwa ndefu, nilichoka, nikafika. Wasafiri wengine wameeleza zaidi ya hayo na hawakumfaa mtu. Nitasema tu niliyoyaona katika siku hamsini na mbili nilizokaa kule, nikiwa mgeni wa mpimaji ardhi mmoja aitwaye Mkude na mkewe Sikudhani.

Ni nchi ya vilima na migomba, na watu wake ni wakarimu kupita kiasi. Pale mpakani afisa wa mapokezi hakuniuliza hati yoyote. Alinikabidhi kata, yaani kibuyu kidogo chenye mpini, imejaa pombe ya ndizi, akangoja. Nikanywa. Akaandika kitabuni kwamba nimewasili salama. Nikamuuliza ingekuwaje kama nisingekunywa. Alinitazama kwa huruma, akafungua droo, akatoa fomu ya kurasa nne.

"Anayekunywa haulizwi kitu," alisema. "Asiyekunywa ndiye anayeeleza sababu."

Niliisoma fomu ile kwa makini. Sababu zilizokubaliwa zilikuwa tano: mimba, dawa za hospitali, kidonda cha mdomoni, kwikwi isiyokoma, na kifo cha mwombaji mwenyewe. Chini yake, kwa herufi ndogo, waombaji walikumbushwa wasiandike "sitaki", kwa kuwa hiyo si sababu bali ni hali.

Inanipasa niseme na yangu. Wakati ule nilikuwa mnywaji wa kiasi, maana yake ni kwamba kiasi nilikipanga mwenyewe. Sikuona ubaya wowote katika fomu ile. Niliirudisha, nikaomba kata ya pili.

Sheria kubwa ya Shangweni nilielezwa na Mkude siku hiyohiyo, tukiwa tumeketi barazani kwake. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyotulia baada ya saa tisa alasiri tu.

"Neno la kata si neno," aliniambia. "Lolote utakalosema kata ikiwa mkononi, ikifika alfajiri limefutika. Huwezi kudaiwa, huwezi kukumbushwa."

Asili yake, alisema, ilikuwa huruma. Zamani ndugu wawili waliuana kwa neno lililotamkwa karamuni, na wakubwa wa nchi wakaapa kwamba hakuna atakayeshikwa tena kwa maneno ya ulevini. Sheria ilikuwa njema. Ila haukupita muda watu wakagundua kwamba, kama kata hufuta maneno, basi maneno ambayo mtu angependa yafutike ni vizuri ayasemee hapo. Mahakimu wakaanza kusoma hukumu kata mkononi. Wachumba wakaposa hivyohivyo. Mkude alinieleza kwa fahari kwamba ilikuwa miaka kumi na moja hakuna waziri aliyesema uongo Shangweni, kwa sababu kisheria hakuna waziri aliyesema kitu.

Asubuhi, kwa hiyo, ni wakati wa hatari. Neno la asubuhi huitwa neno kavu, na humfunga aliyelisema maisha yake yote. Watu huongea juu ya chumvi na mbuzi. Nilimsikia jirani mmoja akisalimiwa "Hujambo?" naye, baada ya kufikiri, akajibu, "Tutaonana jioni."

Siku yangu ya sita pale, tukiwa tunakunywa uji, Sikudhani aliweka kikombe chake chini. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole wa sauti, na mpaka hapo sikuwahi kumsikia akisema neno lolote asubuhi isipokuwa "moto" na "karibu".

"Baba Semeni," alimwambia mumewe, kwa jina la binti yao aliyeolewa mbali, "jana uliniomba msamaha."

Mkude akanitazama mimi, kisha uji wake. "Kwa lipi?"

"Kwa lile la mama."

Sikudhani alinigeukia akanieleza, polepole, kama mtu avukaye mto kwa kupima kila jiwe. Miaka kumi na minne nyuma mama yake aliugua kifua ghafla, katika nyumba hii. Mkude alitumwa kumwita daktari ng'ambo ya mto. Aliondoka asubuhi, akarudi kesho yake mchana, peke yake, akasema mto ulikuwa umejaa. Mama alikuwa amekwisha kuzikwa.

"Kila jioni tangu siku hiyo ananishika mkono ananiomba msamaha," alisema. "Huwa analia kabisa. Ikifika alfajiri hajaomba. Baba Semeni, nimechoka kusamehe kitu ambacho hakijaombwa."

Lilikuwa neno kavu, na alilisema mbele ya shahidi. Akachukua vikombe akaenda kuviosha.

Mkude hakwenda kazini siku ile. Alikwenda ofisi ya wilaya kuchukua fomu.

Sheria ya Shangweni inaruhusu kitu kiitwacho likizo ya kata, isiyozidi siku arobaini, kwa sharti kwamba sababu isomwe mbele ya baraza. Baraza lisipokataza, mwombaji ameruhusiwa. Likizo ya mwisho kuombwa katika wilaya ile ilikuwa ya mtu mwenye kwikwi, naye alipona kabla ya kikao. Kwa hiyo Mkude alipoandika kwenye fomu, "Nina neno la kumwambia mke wangu," habari zilifika sokoni kabla wino haujakauka.

Kikao kilifanyika siku ya pili yake, saa nane mchana. Niliruhusiwa kuhudhuria. Wajumbe walikuwa kumi na wawili, kila mmoja na kata yake, chini ya uenyekiti wa Mheshimiwa Kimwaga, mtu mnene, mchangamfu, ambaye nilimpenda mara moja. Mtu pekee mle ndani aliyeruhusiwa kukaa bila kata alikuwa Bi Chausiku, karani, kwa kuwa mkono wake ulikuwa na kalamu.

"Sisi si makatili," alianza Mheshimiwa Kimwaga. "Mtu akiumwa tunamwacha. Lakini huyu haumwi. Huyu ana neno."

Wajumbe wakaguna.

Mmoja wao, mfugaji, alisimama. "Leo Mkude atamwambia mkewe neno kavu. Sawa. Kesho wangu ataniuliza, na wewe lako liko wapi? Nitamjibu nini?"

Mwingine alishauri kwamba Mkude aendelee kunywa, ila kwa mkono wa kushoto. Jambo hilo lilijadiliwa kwa muda mrefu na kwa heshima. Wa tatu alitaka kujua kama ndizi mbivu sana ihesabiwe kuwa pombe, ikaundwa kamati.

Kisha akaitwa Vuai. Huyu alikuwa mpiga matofali, rafiki wa Mkude tangu ujana wao, mtu mfupi mwenye macho mekundu na sauti ya kuimba. Aliulizwa kama ana pingamizi. Hakulitazama baraza hata kidogo.

"Miaka ishirini tumekaa benchi moja," alimwambia Mkude. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, ndugu yangu."

"Basi mimi unaniachia nani?"

Bi Chausiku alinyanyua kalamu, akangoja jibu, akaishusha.

Kura ikapigwa. Kata kumi na mbili ziliinuliwa juu: ombi limekataliwa kwa sauti moja.

"Niandike nini, Mheshimiwa?" Bi Chausiku aliuliza.

"Andika tumekataa."

"Mmekataa kata zikiwa mikononi. Ikifika alfajiri mtakuwa hamjakataa."

Mheshimiwa Kimwaga alifikiri, akatabasamu, akasema, "Basi tuziweke chini, tukatae upya."

Hakuna aliyeweka yake. Mfugaji alimwambia mwenyekiti kwa adabu, "Tangulia, Mheshimiwa." Mwenyekiti akajibu kwamba kazi ya kiongozi si kutangulia, ni kuongoza. Aliyeshauri mkono wa kushoto akahamishia kata mkono wa kushoto. Wakaketi wakitazamana. Jua lilitoka dirishani likafika mlangoni. Mjumbe mmoja alikwenda haja ndogo, akaenda na kata yake. Mwishowe mwenyekiti alikumbuka kwamba ana wageni nyumbani, nao wote wakakumbuka kitu. Chumba kilipobaki kitupu Bi Chausiku aliandika, "Baraza halikukataza," akagonga muhuri, akampa Mkude karatasi yake bila kumtazama.

Ndivyo likizo ilivyoanza. Kwa kuwa nilikuwa mgeni katika nyumba ambayo sasa haikuwa na pombe, na mimi nikaacha. Sikuwa na ushujaa wowote ndani yake.

Juma la kwanza lilikuwa baya. Mkude alitoka jasho shuka zikalowa, mikono ikamtetemeka asiweze kushika kijiko, na muuguzi wa zahanati, aliyeitwa na Sikudhani, alikuja kila asubuhi kumpima. Alisema mnywaji wa miaka mingi haachwi peke yake akiacha ghafla, maana mwili unaweza kumgeuka. Tulipokezana kukaa naye. Mimi nilijiona mzima, mpaka siku ya tatu, saa kumi alasiri, nilipojikuta nimesimama mlangoni, nimevaa viatu na kuchana nywele, bila kuwa na safari. Miguu ilikuwa imejipeleka yenyewe. Nilirudi nikaketi. Nikaanza kufikiri kuhusu kile kiasi changu, na ni nani hasa aliyekipanga.

Mkude alipopata nguvu alitegemea kuwa mtu mpya. Hilo halikutokea. Bado alikoroma. Bado alifoka akikosa nyundo yake.

"Nilidhani hasira ni ya pombe," aliniambia siku moja, akiwa amefadhaika kweli. "Kumbe ni yangu."

Alikwenda kukagua mipaka aliyoipima miaka iliyopita, akakuta mawe yake yamepinda kama mkia wa mbwa. Alitaka kuyanyoosha. Wakulima walimfukuza, walikuwa wamekwisha kujenga nyumba kwa kufuata kombo lile, na walisema ardhi yenyewe ndiyo iliyopinda. Vuai hakuja kututembelea. Nilimwona kwa mbali, ameketi kwenye benchi la kilabu, amejisogeza pembeni, na upande wa pili wa benchi haukuwa na mtu.

Na neno lenyewe halikutoka. Kila asubuhi Sikudhani aliketi mbele ya mumewe, akangoja. Kila asubuhi Mkude alikohoa, akasema kuna wingu upande wa mashariki. Siku ya kumi ikapita, ya kumi na tano, ya ishirini. Mikono yake mitupu ilizunguka mezani kama inatafuta kitu kilichopotea.

Siku moja Sikudhani alinikuta nyuma ya nyumba nikipasua kuni. Nikamwambia, ili kumfariji, kwamba mumewe atasema tu.

"Si hilo ninaloogopa, mgeni," alisema. "Naogopa atasema."

Sikumwelewa.

"Kila jioni alipoomba, mimi nilimjibu nimeshakusamehe. Kata ilikuwa mkononi mwangu pia. Asubuhi hakuwa ameomba, na mimi sikuwa nimesamehe. Tuliishi vizuri tu. Sasa akiomba kavu, itabidi nijue kama nimesamehe."

Kutoka siku ile, naye hakugusa kata hata kwa majirani. Hakuomba fomu, hakuna aliyethubutu kumpelekea.

Siku ya thelathini na moja ya likizo, saa nne asubuhi, Sikudhani alikuwa uani anamenya ndizi. Mimi nilikuwa nashona kamba ya kiatu. Mkude alitoka ndani akasimama mbele ya mkewe.

"Mto haukuwa umejaa," alisema.

Kisu kikasimama.

"Maji yalikuwa ya magoti. Nilifika pale kabla ya adhuhuri. Nilimkuta Vuai upande huu, amekaa na wenzake, akaniita. Nilisema kata moja tu. Nilipoinuka jua lilikuwa limezama. Kesho yake nilipovuka, daktari alikuwa ameshaondoka kwenda kwa wagonjwa wengine. Mama alikufa mimi nikiwa nimekaa." Alivuta pumzi. "Nilikuwa nikikuomba msamaha wa mto. Mto haukunikosesha. Naomba msamaha wa kukaa."

"Sema tena," alisema Sikudhani.

Akasema tena, yote, kwa mpangilio uleule. Mara ya pili sauti ilimkatika kwenye neno "magoti".

Sikudhani alimaliza kumenya ndizi aliyokuwa ameianza. Akainuka, akaosha mikono. "Nimesikia," alisema. Akachukua kanga yake akaenda kwa dada yake, kilima cha pili, na hakurudi siku hiyo, wala iliyofuata.

Mkude hakumfuata. Alipika mwenyewe, vibaya, tukala. Siku mbili nilimsikia akizunguka chumbani kama mtu aliyefungiwa, na siku ya tatu aliniomba nimfungie pochi ya tumbaku, sandali na fimbo yake, vyote, sandukuni, asije akajikuta njiani kuelekea kilabuni. Nikavifungia. Nikavifungia na vyangu.

Siku ya thelathini na sita alikuja Vuai. Alisimama uani, hana kata, mikono ameificha nyuma kama mtu aliye uchi.

"Ni kweli umelisema na jina langu?"

"Nimelisema."

"Kavu?"

"Kavu."

Vuai alikaa chini palepale, juu ya udongo. "Kwa hiyo ilitokea," alisema. Kisha akaongeza, "Nilikuwa nakumbuka kila jioni." Mkude akaenda kukaa karibu naye. Saa kumi ilipofika Vuai aliinuka, akatazama upande wa kilabu, akatazama upande wa kwake. Sikuona alichukua njia ipi, maana zinaachana nyuma ya migomba.

Kuhusu mimi nitasema hapa, kwa kifupi. Niliondoka Shangweni siku chache baada ya likizo ile kwisha. Sikuapa kitu, na nyumbani sijawa mtu wa kuhubiri. Nanywa mara chache, na ipo miezi ambayo sinywi kabisa. Sipendi kuulizwa sababu. Nikiwa na neno lenye uzito na mtu, namwendea asubuhi. Nimepoteza marafiki wawili kwa njia hiyo. Naamini mmoja wao hakuwa rafiki.

Siku ya arobaini, saa tisa alasiri, Mheshimiwa Kimwaga alikuja na wajumbe wake kumrudishia Mkude kata, kama desturi inavyotaka. Ilikuwa kata mpya, imechongwa maua. Bi Chausiku alifuata nyuma na kitabu. Majirani walijaa uani. Mkude alikuwa amenyoa ndevu. Alitazama barabara inayoteremka kutoka kilima cha pili, na akawa anaitazama bado Mheshimiwa alipokuwa anahutubia.

"Karibu nyumbani, ndugu yetu," alimaliza Mheshimiwa, akainyoosha kata.

Wakati huo Sikudhani akatokea penye migomba. Watu wakampisha. Alikuja moja kwa moja mpaka kwa mumewe, mbele ya wilaya nzima, mikono mitupu.

"Sijakusamehe," alisema.

"Nimesikia," alisema Mkude.

"Sijui kama nitaweza. Nikiweza nitakuambia. Nitakuambia asubuhi."

"Nitakuwepo."

Mheshimiwa Kimwaga alikuwa bado ameinyoosha kata, na mkono ulianza kumchoka. Mkude akamgeukia. "Mheshimiwa, ya kesho siyajui. Leo sinywi."

"Sababu?"

Mkude alifikiri. Kalamu ya Bi Chausiku ilikuwa juu ya karatasi. "Mke wangu amekuja," alisema. "Nataka kumsikia."

Nilimwona Bi Chausiku akitafuta katika fomu mahali pa kuliandika hilo. Alipokosa, aliigeuza karatasi akaandika mgongoni. Wajumbe walisubiri kidogo, kisha wakaondoka mmoja mmoja, na wachache wao, nadhani watatu, walikwenda upande wa nyumbani kwao.

Majirani nao walipotawanyika, tulibaki watatu uani. Hakuna aliyejua la kufanya na mikono yake. Sikudhani aliingia ndani akatoka na ungo wa karanga, akauweka katikati yetu, tukaanza kubambua. Lilikuwa jua la kawaida la alasiri. Tulibambua kwa muda mrefu, na maganda yakawa yanarundikana miguuni.

"Mama aliuliza mara mbili kama umefika," alisema Sikudhani, bila kuinua macho. "Mara ya kwanza adhuhuri. Nikamwambia uko njiani. Alipenda sana kukusifia, unajua? Alisema una miguu mirefu, utakuwa umeshavuka."

Mkude hakusema samahani. Aliendelea kubambua, moja baada ya moja, taratibu, akimsikiliza.

"Mara ya pili," alisema Sikudhani, akaanza kusimulia.